Draya ya Ainabkoi na Herufi Nilizozifuta

Nikiona alama ya kuuliza kwenye skrini mahali ambapo hakuna aliyeuliza kitu, bado naacha ninachofanya niikague. Nimestaafu. Nakaa Munyaka na kuku wangu na mgongo unaolalamika kila mvua ikikaribia, lakini hilo halijanitoka. Nyinyi vijana mmekuta njia imeshalimwa: mnafungua faili, Kichina kinaonekana Kichina, mnaendelea na chai yenu. Mnadhani ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Haikuwa hivyo, na kwa mashine nyingi zinazoshushwa hapa kwetu, mpaka leo si hivyo. Nitawaambia kosa langu, kwa sababu niliyoyapatia hayana mafunzo mengi.

Nilikuwa na chumba kimoja juu ya duka la vipuri pale Eldoret mjini. Kazi yangu ilikuwa kuunganisha mashine na kompyuta. Watu walileta mizani, mitambo ya kukamua, vifaa vya kupimia maziwa, vingi vikiwa vimetoka Uchina, na wote walikuja na shida moja: "Madam Nafula, hii kitu haiongei na kompyuta." Mimi naifanya iongee. Kwa miaka mingi nilijiona mtu wa maana sana.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kuchekesha, ndiyo maana halikunifunza. Mwenye duka la pampu aliniletea orodha ya bidhaa zake kwenye flashi, nami nikaiingiza kwenye programu ya risiti. Majina yote ya Kichina yakageuka alama za kuuliza. Nikamwambia haidhuru, bei ziko sawa. Baada ya wiki chache wakulima walikuwa wanaingia dukani kuagiza ile pampu ya maswali matatu, na mwingine anasema yeye anataka ya maswali manne, ile ya visima virefu. Mwenye duka akaniambia niache hivyo hivyo, wateja wameshazoea. Tulicheka. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza yale majina yenyewe yamekwenda wapi.

Yalikuwa yamekufa. Sikilizeni hili vizuri, maana ndilo shina la kazi yote. Kompyuta haijui herufi, inajua namba tu. Watu waliketi wakakubaliana kwamba namba fulani ni A, nyingine ni B, na orodha hiyo ya makubaliano ndiyo tunayoiita usimbaji. Shida ni kwamba watu hawakuketi mahali pamoja. Uchina walitengeneza orodha yao, GBK. Taiwan walikuwa na yao, Big5. Baadaye dunia ikajaribu kukubaliana, ndipo ikaja hii UTF-8 mnayoitumia. Ukisoma namba za orodha moja kwa kutumia orodha nyingine, unapata vituko. Lakini vituko vinatibika, kwa sababu namba zenyewe bado zipo. Alama ya kuuliza ni jambo jingine. Mara nyingi maana yake programu ilishindwa kusoma, ikatupa namba, ikaandika swali mahali pake. Ukihifadhi faili hiyo, umezika.

Sasa niwapeleke Ainabkoi.

Kule kulikuwa na kikundi cha wakulima wa ngano, na kikundi kilikuwa na draya, ile mashine ya kukausha nafaka kwa hewa ya moto. Wao hawakukausha ngano ya kula peke yake. Kila msimu walitenga ngano bora ya mbegu kwa wanachama wote. Na mbegu, vijana, ni kitu hai. Ngano ya unga unaweza kuipiga moto kidogo ukasamehewa. Ya mbegu ukiipasha kupita kiasi inakufa ndani ya ganda lake, na kwa macho huoni tofauti yoyote. Inang'aa vilevile. Utajua ukishaipanda.

Aliyeiendesha draya hiyo alikuwa Salina, mama wa rika langu, aliyeacha shule darasa la sita kwenda kulea wadogo zake. Fundi aliyekuja kuifunga mashine alikuwa ametoka Uchina, na Kiswahili chake kilikuwa "hapana" na "chai". Alikaa wiki mbili. Hakumfundisha Salina kitu kwa mdomo, ila kila maandishi fulani yalipotokea kwenye kompyuta aliyoiacha pale, aliyanyooshea kidole, kisha akaenda kwenye mashine akafanya jambo. Salina aliangalia. Alipoondoka yule fundi, Salina alikuwa na daftari la shule lenye michoro: umbo hili, fanya hivi. Hakujua hata neno moja linatamkwaje. Lakini aliendesha draya ile misimu mitatu na hakuna mbegu iliyokufa.

Kisha ile kompyuta ikaharibika, na mwenyekiti wa kikundi, Mzee Birech, akaniita mimi.

Nilileta kompyuta mpya, nikaandika programu ya kusoma taarifa kutoka kwenye draya kupitia waya. Kila dakika mashine ilituma mstari mmoja: saa, wastani wa joto, halafu maneno. Saa na joto vilisomeka. Maneno yalitoka kama I yenye kofia, A yenye kofia, alama ya aya, kitu kama B la Kijerumani. Mteja alikuwa amesimama nyuma yangu na nilitaka kazi ipendeze. Kwa hiyo nikaongeza mstari mmoja kwenye programu: kila baiti, yaani kila namba inayopita kwenye waya, isiyo ya herufi za kawaida za Kiingereza, itupe. Skrini ikawa safi kama sahani iliyooshwa. Saa, joto. Saa, joto. Mzee Birech akanishika mkono.

Salina hakunishika mkono. Aliuliza zile alama za mwisho wa mstari zimeenda wapi.

Nikamwambia ni takataka tu za mashine, nimezifagia.

"Si takataka," akasema. "Kuna ile ya mistari mitatu, halafu kuna ile kama nyumba ya ghorofa na dirisha chini. Zikikuja pamoja, mimi naenda kona ya tatu napunguza moto."

Nilimjibu kwa upole, na upole ule ndio unaoniaibisha zaidi kuliko kama ningemkaripia. Nilimwambia sasa haina haja, aangalie namba ya joto tu, ikipita kiwango apunguze. Nilikuwa na diploma ukutani. Nikapanda boda mpaka stegi ya matatu, nikarudi mjini.

Msimu ulipita. Ngano ikakaushwa, ikatiwa kwenye magunia, kila gunia likaandikwa kwa kalamu nene siku na awamu ya kukaushwa, ikawekwa stoo. Mvua zilipoanza, Mzee Birech alipanda mapema, kabla ya wengine, kama kawaida yake. Alingoja. Shamba lilibaki jeusi. Alifukua kwa kidole akakuta mbegu zimelala vile alivyozilaza, zimevimba maji na hazina mzizi.

Akanipigia simu. Hakuwa ananilaumu. Alisema kamati imekaa na imeona Salina aliongeza moto ili amalize kazi haraka, au alisinzia. Wamemsimamisha, na mkutano wa wanachama utamwondoa kabisa. Alichotaka kwangu ni kitu kidogo: nichapishe taarifa za draya za msimu mzima, ziwe ushahidi.

Nilizichapisha. Kurasa na kurasa za saa na joto, na joto halikupita kiwango hata mara moja. Ushahidi mzuri sana. Mashine ilikuwa sawa, programu ilikuwa sawa, kwa hiyo aliyekosa ni mtu. Nikazipanga, nikatafuta bahasha, na hapo nikazisoma upya. Joto lililokuwa kwenye karatasi lilikuwa wastani wa pembe nne za mashine, na ngano huzunguka zote nne. Pembe moja ikiungua na tatu zikiwa baridi, wastani hauoneshi kitu. Kama mashine ilikuwa na njia ya kutaja pembe moja kwa jina, ingeitaja kwa maneno. Na maneno niliyafuta mimi.

Bahasha ilikuwa bado tupu. Nisiwadanganye, lilinijia wazo la kuipeleka tu. Nani angejua? Ainabkoi nzima hakukuwa na mtu wa kusoma Kichina. Halafu nikajibiwa na fikra yangu mwenyewe: alikuwepo mmoja, na ndiye wanayemfukuza.

Kesho yake nilikuwa kwa Salina. Nilimkuta anapepeta maharage, hakuacha kupepeta. Pembeni ya ukuta alikuwa ametandaza magunia yaliyolowa. Ndani yake alikuwa amehesabu punje mia za ngano kutoka kila awamu, akazifunika. Kabla kamati haijamfunga mdomo alikuwa ameshaanza kupima mwenyewe. Awamu nyingine zilikuwa zimeota nywele nyeupe za mizizi. Nyingine zilikuwa zimelala.

Nikamwambia kosa linaweza kuwa langu, na kwamba sina ushahidi bado. Akasema, bila kuniangalia, "Hiyo mashine iliacha kuongea siku ulileta hiyo kompyuta yako. Niliwaambia. Waliniambia mimi si wa kompyuta."

Nikamwomba daftari lake, na nikamwomba yeye mwenyewe aje. Daftari alinipa. Yeye alifikiria kwanza, kisha akavaa viatu.

Hapa ndipo kazi ilipoanza. Programu yangu ilikuwa inatupa maneno kabla ya kuhifadhi, kwa hiyo kwenye kompyuta hayakuwepo kabisa. Hilo liandikeni mahali: pokea baiti zote, hifadhi zote kama zilivyokuja, na ukitaka kupamba, pamba nakala. Bahati yetu, kisanduku cha umeme cha draya chenyewe kilikuwa na kumbukumbu ya msimu. Lakini kikijaa kilikuwa kinafuta ya zamani ili kiandike mpya, na siku hiyo hiyo mwanachama mmoja alitaka mashine iwashwe akaushe mahindi yake. Nilisimama mbele ya swichi. Mzee Birech aliitwa, nikamwambia asiruhusu mtu kuiwasha kwa siku tatu, na sababu nitaieleza mbele ya watu wote. Alinitazama sana, akamwambia yule mwanachama aanike jua.

Nikazitoa zile baiti zote. Kwanza nikazisoma kama UTF-8, zikaja almasi nyeusi zenye maswali ndani. Nikajaribu GBK, na skrini ikajaa visanduku vitupu. Nikakata tamaa na GBK, na hilo lilikuwa kosa jingine. Kisanduku kitupu mara nyingi hakimaanishi umekosea kusoma. Kinamaanisha kompyuta haina fonti ya kuichora hiyo herufi. Kisanduku si msiba, swali ndilo msiba. Sikulijua hilo, nikahangaika na mengine siku nzima mpaka nikaweka fonti ya Kichina na kujaribu Big5. Skrini ikajaa Kichina, kizuri, kimejipanga. Nikapiga meza kwa furaha nikamwita Salina.

Akainama, akatazama mstari kwa mstari huku daftari likiwa mkononi.

"Hizi ni za Wachina," akasema. "Lakini si zangu."

Nimefanya kazi na watu wenye digrii mbili na hakuna aliyewahi kunifundisha kitu kikubwa kuliko hicho. Orodha isiyo sahihi inaweza kukupa maandishi yanayoonekana sahihi kabisa. Kompyuta haitalalamika. Wewe usiyeijua lugha hutaona kitu. Lazima umtafute mtu anayeyatambua maneno, hata kama anayatambua kwa umbo tu, na akisema hapana, iwe hapana.

Nikarudi GBK, safari hii fonti ikiwepo. Salina alivuta pumzi kabla sijauliza. Akaweka kidole kwenye skrini. Mistari mitatu. Nyumba ya ghorofa.

Hatukuwa tumemaliza. Katikati ya ukurasa akanionesha mahali: kuanzia hapa mpaka hapa si zake, halafu zinarudi. Ilijirudia kila baada ya umbali fulani. Hilo lilinichukua asubuhi nzima. Nilikuwa nazisoma baiti kwa mafungu, sitini na nne, sitini na nne, na kila fungu nalitafsiri peke yake. Sasa, kwenye GBK herufi ya Kichina ni baiti mbili, kama ng'ombe wawili wa jembe kwenye nira moja. Ukikata fungu katikati ya nira, ng'ombe wa kushoto anabaki peke yake, na yule wa kulia anafungwa na wa kushoto wa jozi inayofuata, na wote wanaobaki wanakwenda upande mpaka namba au nafasi iwarudishe kwenye mtaro. Nikajifunza kukusanya kwanza baiti za mstari wote, ndipo nizitafsiri. Siku hizi lugha zenu za programu zina vifaa vinavyoshika ng'ombe aliyebaki mpaka mwenzake afike. Vitumieni. Lakini mjue vinafanya nini.

Tuliporudia, Salina alisoma kurasa zote bila kunisimamisha. Mimi nikaandika kila saa ambapo mistari mitatu na ghorofa vilitokea pamoja, nikalinganisha na awamu zilizoandikwa kwenye magunia. Awamu nne zilikuwa zimeungua pembe ya tatu. Tukaenda kwenye yale magunia yaliyolowa ukutani kwake. Awamu zilizolala zilikuwa zile zile nne. Hakukuwa na ya tano, na hakuna iliyokosekana.

Salina aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akafunika uso kwa kanga. Sikumgusa. Sikuwa na haki hiyo.

Mkutano ulifanyika mbele ya stoo. Nilikuwa nimejiandaa kueleza orodha na baiti, lakini nilipowaona wale watu waliosimama na buti zenye matope nikaona ufundi wangu ungekuwa kichaka cha kujifichia. Nikasema mashine ilionya, programu yangu ilifuta onyo, Salina alinieleza siku ya kwanza na mimi sikumsikiliza. Nikawatajia awamu nne, nikawaambia hizo zikasagwe unga, zilizobaki wapande bila hofu. Kisha nikarudia jina langu, ili mtu asiseme baadaye hakusikia.

Mzee Birech, ambaye ndiye aliyepoteza shamba, alivua kofia.

"Kwa hivyo huyu mama alisema," akasema, "na sisi ndio hatukusikia. Si wewe peke yako, madam. Hata kwangu alikuja."

Wanachama wakachanga mbegu nzuri ili apande tena, akachelewa lakini hakukosa msimu. Salina akaulizwa kama atarudi kazini. Alisema atarudi, ila mimi nisiandike maneno ya skrini peke yangu tena, na siku ya kwanza ya kukausha niwe nimeketi pale, nione kwa macho yangu.

Nikaandika programu upya. Kichina kikabaki kilivyo, na chini yake Kiswahili. Mimi nilikuwa nimetafuta maana kwenye kamusi, nikaweka: Kiwango cha joto kimezidi, kipimajoto namba tatu. Salina akasema mtu akifika mwisho wa hayo maneno ngano imeshaiva. Akanisomea yake, nikayaandika kama alivyoyasema: Kona ya tatu inaungua. Enda sasa.

Siku ya kwanza ya mavuno nilikuwa pale, kama alivyotaka. Saa nne asubuhi maneno yakatokea mekundu. Salina alikwenda, akapunguza moto pembe ya tatu, akarudi, akaandika saa. Kabla ya jioni yalitokea mara mbili zaidi, naye akainuka mara mbili.

Magunia ya siku hiyo Mzee Birech aliyaomba yeye. Wanachama wengine walikuwa wanayakwepa, wanasema ni ya siku mashine ililia. Aliyapanda kando ya barabara ya lami, mahali ambapo kila anayepita kwenda au kutoka Ainabkoi lazima aone. Baada ya mvua ya pili alinipigia simu, nikaenda. Tulisimama mimi, yeye na Salina kwenye ukingo wa shamba. Ilikuwa imeota yote, mstari kwa mstari, mpaka kwenye ua wa jirani.